Kutafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi flani: angalia herufi, achana na maana

Kuna watu kila ukiwaambia tucheze hizi gemu za maneno wanakujibu kwamba Kiingereza chao ni cha kuombea maji, hawatoboi. Alafu ukichungulia simu zao unakuta Wordle, ile gemu ya kubahatisha neno la herufi tano kwa majaribio sita, wanacheza kimyakimya kila asubuhi na wanaishia jaribio la tano la sita huku wamekasirika. Mimi nasema hivi, kwenye hizi gemu msamiati unasaidia ndio, ila sio huo unaokukwamisha. Kinachokukwamisha ni kwamba unatafuta neno kwa kuanzia kwenye maana, unajiuliza "neno gani nalijua lenye Z na K", kichwa kinaganda, dakika zinaenda. Anayekufunga yeye hajiulizi hivyo hata kidogo, anaangalia herufi zenyewe, ipi inapenda kukaa na ipi, ipi inapenda mwisho, ipi haipendi mwanzo, maana ya neno akiijua sawa asipoijua sawa.

Kama unabisha mtafute Nigel Richards, jamaa wa New Zealand. Mwaka 2015 alibeba ubingwa wa dunia wa Scrabble (ile gemu ya ubao, unashika vipande saba vya herufi unaunda maneno) ya Kifaransa na Kifaransa chenyewe haongei, alikaa na listi ya maneno kama wiki tisa hivi akaimeza, akaenda Ubelgiji akawafunga wenye lugha yao. Mwaka 2024 akafanya tena vilevile kwa Kihispania. Haya, utasema huyo ni kiumbe wa ajabu, na kweli ni wa ajabu. Basi mchukue Wellington Jighere wa Nigeria, mwaka huohuo 2015 kule Perth, Australia, akawa Mwafrika wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, na wachezaji wa Nigeria kipindi kile walisifika kwa kucheza maneno mafupimafupi ya herufi nne au tano hata pale ambapo wangeweza kuweka refu la kujionyesha. Maneno ya kawaida kabisa, ila wanajua waweke lipi, wapi, na wabaki na herufi gani mkononi.

Sasa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna shida yetu ya ziada. Jicho letu limelelewa na ba be bi bo bu. Silabi karibu zote zinaishia na irabu, na ukitupa herufi saba mezani ubongo unaanza wenyewe kupanga konsonanti irabu konsonanti irabu hata hujauambia. Chukua hizi: A E G I N S T. Mimi zikitua tu kichwa kinaniletea "nisage", nisage nini sasa, au "tagise", au "sinage". Kiingereza hakiko hivyo, chenyewe kinarundika konsonanti bila aibu, kuna neno STRENGTHS lina herufi tisa na irabu moja tu katikati imebanwa kama abiria wa kati siti ya nyuma. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulivunja hilo zoea la jicho, na njia ninayoiamini ni kuanzia mwisho wa neno kurudi mbele.

Yaani unamenya. Angalia zile A E G I N S T. Kabla hujafikiria neno lolote uliza kwanza, kuna mwisho gani wa Kiingereza umejificha humu? ING ipo. Itoe, iweke pembeni kulia. Umebaki na A E S T, herufi nne tu, na herufi nne hata mtoto anazipanga: SEAT, EAST, TEAS. Rudisha ING yako na hapo hapo una SEATING, EASTING, TEASING, maneno matatu ya herufi saba ambayo dakika moja iliyopita hukuyaona, na kwenye Scrabble kumaliza herufi zote saba kwa mkupuo kunakupa pointi 50 za bure juu ya hesabu ya kawaida. EASTING wengi hawaijui maana, haina shida, ipo kwenye listi ya maneno yanayokubalika.

Nyingine: D E I N R T U. Mwisho kuna ED, mwanzo kuna UN. Ng'oa zote mbili, kilichobaki ni I R T. Zipange TRI, uzirudishe kati, unapata UNTRIED. Na ukiona UN haikupeleki popote jaribu IN mbele, inakuja INTRUDE. Ndo mchezo wote ulivyo, unashika vipande vinavyojulikana unavisogeza kwenye kingo ili katikati kubaki kidogo. Mbele kuna RE, UN, IN, DIS, OUT, OVER. Nyuma kuna ING, ED, ER, EST, IER, LY, ION, ABLE, NESS. OUT hasa usiidharau, Kiingereza cha Scrabble kinairuhusu ibandikwe kwenye vitenzi mpaka unashangaa, OUTRUN sawa tumeizoea, lakini OUTEAT nayo ipo, OUTBARK nayo ipo.

Alafu kuna zile herufi zinazotembea kwa makundi. Ukiwa na H peke yake inakuangalia tu, lakini tafuta mwenzake: CH, SH, TH, PH, WH, GH. Ukiwa na K angalia kama una C, maana CK inapenda mwisho na haianzi neno kabisa, au kama una N basi jaribu KN mwanzoni. W inapenda kushikana na H, na R, na S. TCH, GHT na DGE ni vya mwisho au katikati, mwanzoni karibu havikai kabisa. Nikipata herufi huwa nazigusa gusa kwanza kwa jozi kabla ya kutafuta neno, na kama ni gemu ya kwenye simu nabonyeza kile kitufe cha kuzichanganya hadi jicho linase kitu. Kwenye karatasi ziandike kwa duara badala ya mstari, mstari unadanganya, unakufanya usome kushoto kwenda kulia kana kwamba ni neno tayari.

Wale wachezaji wa mashindano wana ujanja mwingine mtamu zaidi, wanakariri mashina ya herufi sita ambayo ukiyaongezea herufi moja karibu yoyote ile unapata neno la herufi saba. Shina maarufu ni TISANE. Weka D unapata INSTEAD, DETAINS, STAINED. Weka L, ENTAILS na SALIENT. Weka V, NATIVES na NAIVEST. Weka Z, ZANIEST. Weka K, INTAKES. Weka M, INMATES. Weka R ndo sherehe kabisa, NASTIER, RETAINS, RETINAS, STAINER, ANTSIER, zote kwa herufi zilezile saba. Na ukiweka H, hii nilicheka peke yangu nilipoiona, unapata SHEITAN, ndio, yuleyule unayemjua.

Unaona hapo kwamba hakuna aliyekaa kutafuta maana. Shina limetulia, herufi mpya inaingia, jibu linatoka. Na ndio maana mchezaji mzuri wa Scrabble akiwa na S haitupi ovyo kwa pointi tatu nne, anaitunza mkononi, maana iko pointi 1 tu kwa sura ila ndo inayofungua milango. Zipo S nne tu kwenye mfuko mzima wa vipande 100, na vipande vitupu viwili vinavyosimama badala ya herufi yoyote. Kipande kitupu chenyewe kina pointi sifuri na mtu mwenye akili anakithamini kuliko Q yenye 10.

Tukifika kwa Q hapo ndo watu wengi wanalia. Aliyebuni hii gemu ni Mmarekani mmoja msanifu majengo, Alfred Butts, miaka ya 1930, na hesabu ya vipande aliipata kwa kuhesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, likiwemo New York Times. E akaipa vipande 12, A na I 9 kila moja, O 8, alafu Q, Z, J, X na K kipande kimoja kimoja. Hizo za kipande kimoja ndo zenye pointi nene, Q na Z 10, J na X 8, K 5. Kwa hiyo herufi ngumu sio adhabu, ni pesa ambayo haijavunjwa, shida ni kwamba watu wanazisubirisha. Anashika Q raundi sita akisubiri U ije apate QUARTZ au sijui QUICKLY, wakati huo mwenzake ameshakimbia na pointi mia. Dawa ya Q ni QI. Herufi mbili, haihitaji U, inakubalika pande zote, Marekani waliiingiza kwenye listi yao 2006. Ukishaijua hiyo moja tu Q inaacha kukutisha. Alafu ongeza QAT, FAQIR, NIQAB, BURQA, QADI, TALAQ. Angalia hiyo orodha vizuri, nyingi zimetoka Kiarabu, kwa msomaji wa Kiswahili sio wageni hawa, kadhi ndo huyo QADI na talaka ndo hiyo TALAQ. Mwingereza anazikariri kwa jasho, wewe unazitambua kwa sura.

Na tukiwa hapohapo, listi za Kiingereza zimemeza Kiswahili pia. BWANA ipo, SAFARI ipo, ASKARI ipo, BOMA ipo, KANZU ipo, na hiyo KANZU ina K na Z ndani ya neno moja la herufi tano, ukiipata kwenye kona nzuri mtu anaweza akakukasirikia kweli. UHURU nayo iko kwenye listi ya Collins, ile inayotumika sehemu nyingi nje ya Marekani na Kanada, na hii ni lulu kwa sababu inakuondolea U tatu kwa pigo moja. U nyingi ni balaa kuliko unavyodhani, ziko nne tu kwenye mfuko lakini zikikujia pamoja hazina pa kwenda. Kama zote nne ziko kwako na una M mbili kuna MUUMUU, ila hiyo mimi naihesabu kama ndoto.

X kwangu ndo herufi bora kuliko zote, naipenda kuliko Z. Sababu ni moja: ina maneno ya herufi mbili ya kutosha, AX, EX, OX, XI, XU, na inakaa mwanzo na mwisho. Maana yake unaweza kuiweka pembeni ya neno lililopo ikasomeka kwa pande mbili, kulala na kusimama. Ikiangukia kwenye mraba wa kuzidisha herufi mara tatu, X inakua 24 kwa upande mmoja na 24 tena kwa upande mwingine, 48 kwa herufi moja, bado hujahesabu zilizobaki. Mtu anaweza akaandika neno la herufi sita analolionea fahari akapata nusu ya hiyo.

Z ina ZA kila mahali, na ZO kwa wanaotumia Collins. J ina JO. Lakini V bwana. V haina neno hata moja la herufi mbili, kwenye listi yoyote ile ya Scrabble ya Kiingereza. Kwa hiyo huwezi kuipenyeza, huwezi kuibandika pembeni, na mbaya zaidi haipendi kuishia neno, ukitafuta maneno yanayomalizika na V unapata REV, LUV, LEV, SPIV na vimachache vya namna hiyo. Ukiwa nayo fikiria katikati: -IVE, -OVE, -AVE, OVER-. Au mwanzoni VI-, VA-. Nikiwa na V naitoa mapema, sina subira nayo kabisa. Kinyume chake inafaa kujua kama ulinzi, ukiweka V mahali flani kwenye ubao mpinzani hawezi kujenga neno la herufi mbili sambamba nayo, unakua umefunga mlango ule.

Maneno ya herufi mbili nimeyataja sana, na nitasema wazi kabisa: kama una jioni moja tu ya kujifunza kitu, jifunze hayo, achana na maneno marefu. Listi ya Collins inayotumika sehemu nyingi za dunia ina zaidi ya 120, ya Marekani na Kanada ina zaidi ya 100. Nusu unayajua tayari, AM, AN, AS, AT, BE, BY, DO, GO. Yaliyobaki ni vituko, AA, AE, OE, KA, KI, MM, HM, SH. OK yenyewe imeingia juzijuzi, Marekani 2018 na Collins 2019, kabla ya hapo ukiiweka unapingwa na unaondoa. Kwa hiyo kabla hamjaanza kucheza kubalianeni mnatumia listi ipi, la sivyo ugomvi wa CH utawamaliza, maana Collins inaikubali na Wamarekani wanaikataa.

Ukijaziwa konsonanti bila irabu usikate tamaa, Y inafanya kazi ya irabu bila kulalamika: CRYPT, NYMPH, LYMPH, TRYST, MYRRH, RHYTHM. Na kuna zile sauti za mdomo, BRR, HMM, PSST, TSK, SHH, zote halali. Kuna mawili ya Kiwelshi, CWM na CRWTH, W ndo imejifanya irabu. Upande wa pili ukijaziwa irabu tupu kuna ADIEU, AUDIO, AERIE, EERIE, na ukitaka irabu zote tano kwenye neno moja la herufi saba ipo SEQUOIA, hiyo na Q inaondoka nayo.

Sasa Wordle ni mnyama mwingine. Pale hupewi herufi upange, unapewa ukweli kidogokidogo: herufi hii ipo na iko mahali pake (kijani), hii ipo ila sio hapo (njano), hii haipo (kijivu). Josh Wardle aliitoa kwa watu wote Oktoba 2021, Januari 2022 New York Times wakainunua, na utaratibu haujabadilika, herufi tano, majaribio sita. Hapa kutafuta maneno yenye herufi flani ni kuchuja, na watu wengi wanakosea kwa kupenda kijani. Wanataka kila jaribio liwe jibu. Mimi naona majaribio mawili ya kwanza ni ya kuuliza maswali tu.

Kuhusu neno la kuanzia watu wanapenda ADIEU kwa sababu ya irabu nne. Mimi siipendi. Irabu zinakuambia kidogo, karibu kila neno lina A au E au I sasa umejua nini? Konsonanti ndo zinazotenganisha neno na neno. SLATE, CRANE, zinakupa irabu mbili na konsonanti tatu zinazotumika sana, inatosha. Na usichanganye herufi zinazotumika sana kwenye maandishi na zinazotumika sana kwenye listi ya maneno. Kwenye gazeti T na H zinapanda juu kwa sababu ya THE, THAT, THIS vinavyojirudia kila mstari. Kwenye listi ambapo kila neno linahesabiwa mara moja H inashuka, na S, R, L zinapanda. Majibu ya Wordle yenyewe mengi yanaanza na S, na mengi yanaishia E au Y, wakati S ya wingi mwishoni karibu waiondoe kabisa, kwa hiyo usipoteze jaribio kuuliza kama jibu ni wingi.

Mtego mkubwa ni pale umepata herufi nne za kijani na moja imebaki. Unashangilia, kumbe ndo umeingia shimoni. Mfano una _IGHT. Weka LIGHT, sio. NIGHT, sio. Bado kuna MIGHT, SIGHT, FIGHT, RIGHT, TIGHT, EIGHT, WIGHT. Majaribio yanaisha ukiwa na kijani nne kila mstari, inauma hiyo. Cha kufanya, kabla hata hujaweka LIGHT wala NIGHT, ni kuacha kabisa kujaribu kupata jibu kwenye mstari huo, uweke neno linalobeba herufi nyingi za mwanzo kwa pamoja, hata kama unajua fika haliwezi kuwa jibu. FILMS kwa mfano. Ina F, L, M na S. Ikirudi F ya kijani ni FIGHT. L ya njano ni LIGHT. M ya njano ni MIGHT, S ya njano ni SIGHT. Hizo nne zikirudi zote kijivu umefuta maneno manne kwa jaribio moja na umebaki na N, R, T, E, W. Hii haifanyi kazi kama umewasha ile hali ngumu, ile inayokulazimisha kutumia kila ulichokipata, na ndio sababu mimi siiwashi na sijisikii vibaya. Familia nyingine za kuogopa ni _OUND na _ATCH, ukiona unaelekea huko ukiwa bado na majaribio, tawanya mapema.

Kitu kingine wengi hawakisomi sawasawa ni herufi inayojirudia. Ukiweka neno lenye E mbili alafu moja ikawa ya rangi na nyingine kijivu, haimaanishi mashine imechanganyikiwa, inamaanisha jibu lina E moja tu. Zikiwa zote za rangi, zipo angalau mbili. Ni taarifa ya bure hiyo.

Kwa upande wa vifaa, zile saiti za kutafutia maneno zipo kibao na karibu zote zinafanya kazi vilevile. Unaandika herufi zako, alama ya kuuliza inasimama badala ya kipande kitupu, na kuna sehemu za kujaza "linaanza na", "linaishia na", "lina ndani yake". Nyuma yake hakuna uchawi. Kompyuta inachukua kila neno kwenye listi inapanga herufi zake kwa alfabeti, LISTEN inakua EILNST, SILENT nayo inakua EILNST, ENLIST, INLETS, TINSEL vilevile. Yote yanawekwa kwenye kapu lenye jina EILNST. Ukileta herufi zako nazo zinapangwa kwa alfabeti, kapu linafunguliwa, kazi imekwisha. Ndio maana majibu yanakuja kabla hujatoa kidole.

Kama una kompyuta na huogopi ile skrini nyeusi unaweza kufanya mwenyewe bila matangazo ya kukurukia usoni. Pakua listi ya maneno, ile inayoitwa ENABLE ni ya bure na ina maneno zaidi ya 170,000, iweke kwenye faili moja kila neno mstari wake. Alafu tumia grep, amri ya kutafuta mistari ndani ya faili (mwisho wake unaandika jina la faili lako). Nukta moja ni herufi moja yoyote, alama ya ^ ni mwanzo wa mstari, $ ni mwisho. Kwa hiyo grep '^.ight$' inakutolea ile familia yote ya juu. grep 'q[^u]' inakutolea kila neno ambalo Q inafuatwa na herufi isiyo U, na hapo utakaa nusu saa unasoma tu. grep 'v$' itakuonyesha maneno yote yanayoishia na V, na utaamini nilichosema kuihusu. Kwangu hii ni raha kuliko saiti yoyote kwa sababu unauliza swali lako mwenyewe, saiti inakupa maswali yake.

Kuhusu kwamba ni wizi au sio wizi, msimamo wangu ni mfupi. Unacheza na mtu na hamjakubaliana, ukifungua saiti katikati ya gemu huo ni wizi, hata kama umeangalia neno moja. Unacheza peke yako, fanya utakavyo, gemu ni yako. Baada ya gemu kuisha ndo wakati mzuri kuliko wote wa kuingiza zile herufi zilizokutoa jasho uone nini kilikuwepo, kwa sababu bado zina moto kichwani na jibu linaganda. Neno ulilolikosa kwa uchungu hulisahau.

Hayo uliyoyakosa yatengenezee kadi, za karatasi au za apu, ila usiandike neno upande wa mbele na maana nyuma kama tulivyozoeshwa darasani. Mbele andika herufi zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, EILNST, au DEINRTU, nyuma andika maneno yote yanayotoka humo. Unapozipitia lazimisha macho yatoe majibu yote kabla ya kugeuza, sio moja. Anza na kadi za herufi tatu za X, Z, J na V, ni chache na zinalipa haraka, VEX, VOW, IVY, OVA, ADZ, ZAX, JEU, RAJ. Za herufi saba subiri mpaka hizo ziwe zinatoka bila kufikiria.